Maneno ya Kibao kwa Mushonaji wa Tshopo

Kisangani, commune ya Tshopo, 14 Oktoba 2023

Kwako tonton Hubert,

Mbote mingi. Natumaini barua hii itakukuta na afya, mugongo ikiwa imetulia, na mvua isiwe imekuharibia paa tena. Huku sisi tuko, tunamushukuru Mungu. Umeme inakuja na kuondoka sawa mugeni asiye na adabu. Barrage ya umeme iko hapa karibu, tunasikia maji yake ikiunguruma, na sisi tunawasha mishumaa! Kaka Fiston amepata mutoto wa pili, musichana, wamemupa jina ya mama. Nilimubeba siku ya ubatizo nikalia, watu wakafikiri ni furaha. Ilikuwa furaha pia. Papa anakusalimia.

Bon, sasa neno lenyewe. Tonton, nimeacha kazi kwa patronne. Usikasirike kwanza. Miaka yote ile mimi nilikuwa ninashona, na yeye anawaambia wateja "nimekushonea". Siku moja mwanamuke mumoja alimushukuru kwa kola ambayo niliibuni mimi, na kichwa yangu mwenyewe. Patronne akaitika vizuri kabisa: "Aksanti, mama." Mimi niko pale nyuma, na sindano mudomoni. Nikasema basi, inatosha. Nimechukua mashini ya mama, ile ya kukanyaga na miguu, nimeiweka kwa baraza niliyokodi kwenye barabara ya kwenda daraja.

Papa hakufurahi. Anasema hakunisomesha chuo kikuu ili nikae barazani na vumbi ya baiskeli za toleka. Rafiki yake kule Bangboka, ku uwanja wa ndege, yuko tayari kunipa nafasi ya kuandikisha mizigo ya abiria. Alors tumepatana hivi: ananiachia mpaka Pasaka. Kama Pasaka itanikuta bila wateja, ninakwenda Bangboka, na mashini inakwenda kwa muke wa Fiston, ambaye hajui hata kurudisha kifungo. Mashini ya mama, tonton! Nilijifunza kusimama kwa kushika meza yake.

Donc ninaomba musaada. Ninataka kibao, na chini ya jina yangu, maneno machache ya kuita watu. Slogan, sawa vile wanasema. Wewe kazi yako yote kule station ya utafiti ya Yangambi ni kuandika vibao vya miti. Sijui mutu mwingine hapa duniani anayelipwa kwa kuandika kidogo. Barua ninampa mama Élise wa samaki, anayesafiri na baleinière, ile boti ya mbao. Ungeweza kunipigia simu, lakini mara ya mwisho tulipeana "alo, alo" mpaka unité zikaisha.

Mutoto wa dada yako,
Joëlle


Yangambi, 3 Novemba 2023

Joëlle mwanangu,

Barua yako ilifika ikinuka samaki wa moshi. Nilianza kuisoma nimesimama mulangoni, nikaimaliza chakula kimepoa. Mimi ni muzima. Paa linavuja mahali palepale, tumeshazoeana. Huyo mutoto wa Fiston umubusu kwenye paji la uso, umuambie ana noko, mujomba wa papa yake, porini anayengoja kumuona. Jina alilopewa ni zito, atalibeba vizuri.

Ati nisikasirike! Kwa nini nikasirike? Nilipofika mahali uliposema "basi, inatosha", nilipiga makofi peke yangu chumbani, jirani akauliza kama nimeua nyoka. Mutu anayeacha kivuli cha mwingine na kwenda kuketi kwenye jua na mashini yake, mimi namuvulia kofia. Mama yako hakupata nafasi hiyo. Wewe umeichukua bila kuomba ruhusa.

Sasa kuhusu maneno. Muti wangu unapopewa kibao, naandika jina lake, ulikotoka, na mwaka uliopandwa. Nilipoanza kazi, kijana mwenye diploma mpya mufukoni, kwenye kibao kimoja niliongeza: "muti muzuri sana". Chef wangu akaja, akasoma, akauangalia muti kutoka chini mpaka juu, kisha akaniuliza: "Hubert, mugeni hana macho?"

Pamoja na somo hilo, juzi niliketi nikakutungia haya. "Joëlle Couture, malkia wa sindano." "Joëlle Couture, uzuri usio na mwisho." "Joëlle Couture, Paris imefika Tshopo." Hili la tatu lilinipendeza mpaka nikalisema kwa sauti nikinyoa ndevu. Kesho yake nikalisoma tena, nikaona haya. Yote matatu ni "muti muzuri sana". Mushonaji yeyote wa Kisangani angeweza kuyapigilia misumari mulangoni pake, na hakuna mutu angeona kasoro. Maneno yako wewe lazima yakatae kukaa mulangoni pa mwingine.

Kwa hiyo sikutungii kitu, nakuuliza. Mwanamuke anapokuja na kitambaa chake kipya cha kikwembe kwapani, kabla hajakifungua mezani, anaogopa nini? Usinijibu haraka. Uwatazame kwanza.

Noko yako anayekusifu,
Hubert


Kisangani, 24 Novemba 2023

Tonton wangu,

Salamu kwa baridi ya asubuhi ya kwenu na kwa majirani wote. Fiston alikuwa na malaria, sasa anakula pondu sawa mutu mwenye deni na tumbo yake. Mutoto ameanza kucheka. Papa anakusalimia sana.

Paris imefika Tshopo! Nilicheka mpaka uzi ikakatika. Lakini ulisema niwatazame, nimewatazama. Tonton, wanaogopa siku.

Ngoja nikueleze vile mambo iko huku, maana wewe unavaa kombati ya station miaka yote, hujui mateso yetu. Mwanamuke ana harusi jumamosi. Anajua washonaji wote ni "kesho, mama, kesho". Donc anamuambia mushonaji harusi iko alhamisi, ili akichelewa bado afike. Lakini mushonaji naye hakuzaliwa jana. Akisikia alhamisi, anajua ni jumamosi, anatulia, anakata kitambaa ijumaa. Mwanamuke naye amejua kwamba mushonaji anajua, mara ingine anasema jumanne! Kila mutu anamudanganya mwenzake na heshima yote, "ndiyo mama", "ndiyo fundi". Ndiyo maana mu Kisangani watu wanakwenda harusini na pini mabegani, na nguo inanuka pasi ya moto.

Mimi nikajiambia, eh bien, ugonjwa ni hii, dawa ni hii. Nimeandikisha: JOËLLE COUTURE. NGUO YAKO, SIKU ULIYOSEMA.

Mwenye kuandika ni Glodi, kijana wa rangi na brashi, na kumupata ilikuwa vita. Uchaguzi uko mwezi ujao, wagombea wamemushika usiku na muchana. Kila ukuta huku unaahidi kitu: barabara, maji, umeme, daraja ingine. Glodi aliniambia kibao yangu ndiyo ndogo kuliko zote alizoandika mwaka huu, na ndiyo pekee ambayo watu watajua kwa juma moja kama ni uongo. Alisema vile huku akicheka. Mimi nikachukua nyundo, nikaipigilia.

Na wanakuja, tonton! Wanasoma, wanaingia, wanasema "ni kweli hii?" Papa alipita jana. Akasimama upande wa pili wa barabara, akasoma, akatengeneza miwani, akasoma tena. Halafu akaenda zake. Kwa mutu sawa Papa, ile ni hotuba.

Aksanti mingi kwa lile swali. Singelipata peke yangu.

Joëlle, mushonaji (kibao inasema vile!)


Yangambi, 6 Januari 2024

Joëlle,

Mwaka mupya uwe mwema kwako na kwa nyumba yote. Barua yako ya Novemba ilinifikia siku mbili baada ya Noeli. Baleinière ilikaa kwenye muchanga katikati ya njia, injini ikafa, na mama Élise akala Noeli kandokando ya muto pamoja na samaki zake na maneno yako. Anasema aliyalalia ili yasilowe. Umushonee kitu huyo mama.

Nimeyapenda maneno yako. Ni yako kweli: mutu mwingine akiyaweka mulangoni, wateja wake watamupiga. Ulivyoona ule mchezo wa alhamisi na jumamosi, na ukaueleza hivyo, ulinifanya nicheke na kuona fahari pamoja. Nimewasomea wenzangu wa herbarium, wanaokausha majani. Mumoja, ambaye muke wake ni mushonaji, hakucheka.

Lakini leo tuko Januari, na baada ya ile furaha sijapata hata mustari mumoja. Juzi mama Élise amerudi kutoka Kisangani bila barua. Nikamuuliza, akasema "alikuwa na kazi". Alisema akiangalia miguu yake. Uniandikie.

Salamu za papa yako nimezisoma.

Hubert


Kisangani, 19 Januari 2024

Tonton,

Tuko wazima wote. Mutoto ana jino. Mvua ilikata barabara ya soko lakini wameweka mbao.

Sikuandika sababu ya haya. Kibao imeniua.

Watu walipenda maneno, lakini desturi hawakuacha. Walikuja na siku zao za uongo vilevile! Mama wa harusi ya jumamosi akaniambia alhamisi, na mimi mujinga nikaandika alhamisi na nikaheshimu alhamisi. Ninashona mpaka macho inatoka maji, asubuhi ya alhamisi nguo iko tayari, imepigwa pasi, na mwenyewe haji! Imetundikwa pale, inaniangalia. Zote zilikuwa zinaangukia siku moja, maana kila mutu alitoa siku ya mbele kuliko mwenzake. Nilikuwa ninakimbiza nguo ambazo hakuna mutu anazingoja.

Halafu mama Karima akaja. Ni wa zile familia za zamani za Waislamu, wa kule karibu na musikiti. Anasema kidogo, anavaa vizuri. Alinipa siku yake ya harusi ya mudogo wake, na tonton, alinipa siku yenyewe. Hakuweka hata siku moja ya akiba. Alisoma kibao na akaiamini. Ile siku alifika na viatu vya harusi tayari miguuni. Nguo haikuwa na mikono.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliangalia zile nguo za wengine zilizotundikwa, zimekwisha, hakuna aliyekuja kuzichukua. Akaniuliza pole pole: "Hizi ni za nani?" Akachukua kitambaa chake, akaenda harusini na nguo ya zamani. Na Papa alikuwa amekaa pale, amekuja kunisalimia kwa mara ya kwanza tangu nifungue. Aliona yote. Tulipofika nyumbani akasema: "Bangboka bado wanangoja jibu." Ni kweli. Pasaka inakuja.

Ninataka kuifuta. Glodi anasema naweza kuweka ua tu, na neno "karibu", sawa watu wote. Unijibu haraka, tonton, nitangoja jibu lako kabla ya kushika brashi.

Na neno ingine. Ninajua wewe na Papa hamujasemezana tangu mubishane mbele ya jeneza ya mama, wewe unataka alale Yangambi kwa wazee wenu, yeye anataka alale hapa kwake. Ulitoka ku matanga bila kuaga. Mimi siingii mule. Lakini usiandike tena "nimezisoma". Inauma.

Joëlle


Yangambi, 2 Februari 2024

Mwanangu,

Samahani kwa lile neno. Sitaliandika tena.

Barua yako nimeipokea muchana, na jioni hii namupa mama Élise jibu, sijangoja hata wino ukauke. Kwanza nikuambie kitu ambacho wewe hukuona. Umeniandikia habari za mama Karima na hukuulaumu umeme, hukulaumu kitambaa, hukulaumu hata wale waongo wa alhamisi. Ulisema nguo haikuwa na mikono, basi. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, wenye diploma za kutundika ukutani, na sijaona anayeweza kueleza kushindwa kwake kwa maneno manne. Mutu wa namna hiyo hafungi baraza yake.

Usiweke ua. Ukiweka ua na "karibu", utakuwa umerudi kwa "muti muzuri sana", na mama Karima atapita aone umekimbia.

Nimeketi na maneno yako muchana wote, nikaacha kazi ya serikali. Naona hivi. "Nguo yako, siku uliyosema": humo anayefanya kazi ni wewe peke yako. Mteja anakaa tu kwenye kiti, anangoja kuhudumiwa, na mufukoni ana siku ya uongo. Ni maneno sawa ya wale wagombea kwenye kuta zenu: nitafanya, nitafanya. Lakini siku ya nguo mnaibeba watu wawili, Joëlle. Upande mumoja ukiwa umeoza, hata ukiwa na mikono kumi utaangusha.

Nani alisema maneno ya mulangoni lazima yajisifu au yaahidi? Yanaweza kuomba. Sijawahi kuona mushonaji anayemuomba mteja kitu kabla ya kumupa kitu, na sijui kama watu watakubali. Lakini wewe ungemuomba nini, kama angekaa mbele yako, mumoja kwa mumoja, na ungekuwa huna haya?

Hilo ni lako. Mimi nikilitunga, Paris itafika tena.

Noko yako


Kisangani, 16 Machi 2024

Tonton mupenzi,

Wote tuko wazima, na mimi kuliko wote! Mutoto anatambaa, anakula kwanga na mikono miwili. Fiston amenunua pikipiki, muke wake amemunyima amani. Kaa chini, barua hii ni ndefu.

Nilisoma jibu lako barazani, nikainuka, nikamuita Glodi. Nikamuambia: "Futa yote. Acha jina. Chini andika: UNIAMBIE SIKU YA KWELI." Akaniangalia. "Unawaita wateja waongo?" Nikasema andika tu, nitapatana nao mimi.

Ee tonton! Watu wa toleka walikuwa wanasimamisha vélo katikati ya barabara kwa kusoma. Mama mumoja aliingia kwa hasira kabisa, mikono kiunoni: "Dada, nani amekudanganya hapa?" Tukabishana, tukacheka, akaacha kikwembe chake na siku ya kweli, ya ubatizo wa mujukuu. Sasa mutu akiniambia "alhamisi", sibishani naye. Ninaweka chaki chini, ninaangalia kibao. Yeye pia anaangalia kibao. Halafu anaanza kucheka: "Bon, bon, ni jumamosi!" Ninaandika jumamosi. Na mimi pia imenifunga, maana siwezi kuomba kweli na kutoa uongo. Kama haiwezekani, ninasema haiwezekani, mama, uende kwa mwingine. Mwanzo ilikuwa inanichoma sawa pilipili.

Ikakaribia tarehe nane ya mwezi wa tatu, siku ya wanawake. Unajua vile mu Kisangani kila chama cha wanawake kinanunua vikwembe vya rangi moja kwa kutembea mu défilé, yale maandamano ya mbele ya wakubwa, na washonaji wanakufa. Présidente wa chama kimoja alikuja na vikwembe vya chama nzima, kijana wa kuvibeba nyuma yake. Mutu mukubwa, gari yake iko inanguruma pale nje. Akaweka yote mezani. Nikamuambia: "Mama présidente, siku ya kweli sote tunaijua, iko ku kalenda. Mikono yangu itamaliza blauzi za wamama kumi. Zaidi, nitakuwa ninakudanganya." Akaniuliza kama ninajua ninasema na nani. Nikamujibu: "Ninajua, mama. Ndiyo sababu sitaki kukudanganya."

Akakusanya vikwembe vyake, akaenda. Nikageuka, na nani amekaa pale kwenye kiti cha kungojea? Papa. Alikuwa amekuja na karatasi za Bangboka mu bahasha, nizijaze. Alikuwa amesikia yote. Nikafikiri sasa atasema nimefukuza bahati kwa midomo yangu. Alikohoa, akasimama, akaondoka na bahasha yake.

Jioni ile présidente alirudisha vikwembe. Kumi. Wamama wenyewe walikuwa nyuma yake, nikawachukua vipimo.

Ungeona ile défilé, tonton! Wale kumi waliwekwa mbele, sababu nguo zao ndizo zilikuwa zimekwisha. Nyuma yao wenzao wanatembea na mukono moja kifuani, wanashikilia mahali pini imetoka, na huku wanatabasamu kwa wakubwa. Tangu siku ile ninaandika siku za watu mpaka ukurasa inajaa. Nimechukua dada mumoja wa kunisaidia, Grâce, na mbele ya wateja ninasema wazi: hii imeshonwa na Grâce.

Mama Karima pia amerudi. Nilimuona mulangoni nikasahau hata kumukaribisha. Alikuwa na vitambaa vya nyumba yake yote, vya Idi. Akaketi, akasoma kibao, akaniambia: "Mimi sasa ndiye nina shida na wewe. Idi haina siku ya kweli mpaka mwezi uonekane. Nitakupa siku ya mapema kabisa inayowezekana, na uhesabu kwa ile." Nikainama kama ninatafuta chaki, ili asione machozi. Zile za mama Karima ninazishona mimi mwenyewe, kila mushono.

Sasa Papa. Alikuja jana, tena na bahasha mukononi, nikajua saa yangu imefika. Akaifungua mbele yangu: haikuwa karatasi za Bangboka. Zile alishazirudisha, amemuambia rafiki yake ampe mutu mwingine nafasi. "Mashini ya mama yako ikae mahali iko," alisema, sawa mutu anayetoa habari ya mvua. Mu bahasha mulikuwa vipande viwili vya kitambaa kimoja, vimekunjwa vizuri. Akasimama nimupime. Nikamuuliza sawa ninavyouliza kila mutu: siku gani? Akaangalia kibao, akasema: "Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Tutatoa matanga ya mama yako. Miaka miwili imetosha."

Nikamupima mabega, yamekuwa membamba, tonton. Nikauliza kipande cha pili ni cha nani. Akageuza uso kwa barabara.

"Cha Hubert," alisema. "Shemeji hawezi kusimama ku kaburi ya dada yake na nguo tofauti na yangu."

Nikamuambia sina vipimo vyako. Akasema: "Basi umuandikie. Umuambie ninamusalimia."

Donc leo Papa anakusalimia. Leo yeye mwenyewe amelisema, sikuongeza kitu.

Ninangoja vipimo: mabega, kifua, tumbo, mukono, na urefu.

Joëlle wako


Yangambi, 23 Machi 2024

Joëlle,

Salamu kwa wote, kwa Fiston na pikipiki yake, kwa mutoto, kwa Grâce ambaye simujui na ninamuheshimu tayari. Sina habari zingine za hapa. Tangu barua yako ifike, sijaona kitu kingine.

Mutoto wa dada yangu, nimekuwa nikisoma maneno mafupi maisha yangu yote, na hayo manne ya mulango wako ningependa kuwa ndiye niliyeyatunga. Si mimi. Mimi nilikuwa na swali tu. Wewe ulimuomba kweli mutu mwenye gari nje ya mulango. Dada yangu angekaa kwenye kiti chako cha wateja tangu asubuhi, asishone kitu, akuangalie tu.

Nyumbani sina mita ya kushonea. Nimetumia ile ya station tunayofunga kwenye shina la muti kujua unene wake. Mama Élise alinizungushia, akicheka mpaka akadondosha mita. Kwa hiyo ukiona namba zinashangaza, ujue ni za kweli, nimenenepa. Mabega 47. Kifua 106. Tumbo, uandike 112 na usimuonyeshe mutu. Mukono 63. Urefu wa shati 78. Suruali nitakuja na yangu nyeusi.

Nitashuka bandarini alhamisi, siku mbili kabla, ili niende kwa papa yako, Désiré, kwanza, kabla ya watu wengine kufika. Usije kunipokea. Nataka nipige hodi mwenyewe.

Rangi ya kitambaa hukuniandikia, na mimi siulizi. Kama Désiré ndiye aliyeichagua, nitaivaa.

Noko yako,
Hubert